Chuma Kilicholala Mbele ya Boma

Katika miaka ya sabini walijenga saa ya jua mbele ya boma la serikali la Nchelenge. Ilikuwa duara la saruji, pana kama kiwanja cha kuanikia samaki, lenye mistari ya saa, na katikati chuma kirefu kilicholala karibu kugusa chini, ncha yake ikitazama kusini. Fundi alitueleza kwamba kwetu, karibu na ikweta, lazima kilale hivyo, la sivyo kivuli kitadanganya. Mume wangu, mvuvi kutoka upande wa Kongo, siku hiyo alikuwa ziwani.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita mchuuzi wa samaki aliniletea habari kwa boti kutoka kisiwa cha Chisenga: mama yangu yuko taabani.

"Bato yangu inarudia kule saa sita, mama. Ukikawia, siwezi kukungoja."

Nilikwenda kwanza kupanga foleni ya dawa zahanati, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye saa ile. Ningemwendeaje mama mikono mitupu? Foleni ilitambaa. Kila nilipogeuka, kivuli kilikuwa bado hakijavuka mstari wa saa mbili. Jua lilikuwa limepanda, tumbo liliniambia mchana umefika, lakini mimi nani nibishane na saa ya serikali? Nikabaki palepale.

Nilipopata dawa nikapita karibu na duara. Ndipo nilipotambua kwamba chuma kilikuwa kimesimama wima, kimekazwa kwa mawe. Mume wangu alikuwa pale, uso umejaa furaha.

"Angalia, bibi! Ile chuma ilikuwa inaanguka, tuliisimamisha jana na benzangu. Kwetu muti wa kufungia mutumbwi ukiinama, ni haya, ni aibu ya batu bote ba kijiji."

Kumbe kivuli kilikuwa kimenidanganya! Nilikimbia hadi ufukweni. Bato ilikuwa mbali, ndogo kama kidole. Nilimgeukia mume wangu aliyenifuata, nikamweleza habari ya mama, nikamtukana kwa lugha zote nilizozijua. Alisukuma mtumbwi majini, akanipandisha, akapiga kasia bila kupumzika.

Tulifika jua likizama. Mikono ya mama ilikuwa bado na joto, lakini hakuwa tena nasi.

"Bato ilipofika," jirani yake akaniambia, "mama yako aliuliza kama umo ndani."

Nilitoka nje kumtafuta mume wangu, nimlipukie. Nilimkuta ameketi mchangani, viganja vinavuja damu, analia kuliko mimi. Nikaketi kando yake.