Wimbo Niliouita wa Kingereza

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya msingi huku Mutanga Nord, Bujumbura, na haya ninayoyasema bado yananitia aibu. Mwaka huu direkta wetu aliniomba niwafundishe watoto wimbo mmoja wa Kingereza. Kingereza sikijui hata kidogo, ila niliona haya kukataa. Nikaenda siberi kafe mjini, penye intaneti, nikakaa mbele ya kompyuta, au ordinateri kama tunavyoiita, nikabofya huku na huku, nikapata ukurasa wenye wimbo na picha ya mtoto amelala. Maneno yake sikuyaelewa hata moja, basi nikaamua kwamba ndicho Kingereza. Nikausikiliza wimbo mara nyingi, nikanakili yote daftarini.

Watoto waliupenda. Risasi za vita zilipolia milimani tulilala sakafuni, nao wakauimba polepole mpaka kukawa kimya. Nilijiona mwalimu bora kuliko wote Bujumbura.

Jumamosi iliyopita wazazi walialikwa kuwasikiliza. Wimbo ulipoisha, bibi mmoja, mkimbizi kutoka Bukavu, alikuwa analia. Direkta akamwinamia, uso umejaa fahari.

"Mama, kumbe unasikia Kingereza?"

"Kingereza? Apana, direkta. Hii ni Kiflama, luga ya ku Ubeleji. Masista Babeleji balikuwa banatuimbia hivi tukiwa batoto yatima." Akanishika mikono yote miwili. "Aksanti sana, mwalimu. Tangu utoto sijausikia tena. Nani alikufundisha?"

Wazazi wote wakageuka kunitazama, na direkta pia. 

"Ordinateri, mama," nikasema.