Mawe Yanarudi Kanisani Inchruan

Saa mbili asubuhi, kwenye manyunyu, Una Galbraith anabomoa zizi lake mwenyewe. Anang'oa jiwe, analitia kwenye toroli na kulisukuma hadi kanisa dogo chini ya ngome. Mlango uko karibu, kulia, lakini anapita kushoto na kuzunguka jengo zima kufuata njia ya jua, ndipo aingie.

"Jiwe likiingia kinyume na jua halikai," ananiambia. "Na wewe usinicheke. Mama yako alizunguka hivihivi."

Una, mchungaji wa kondoo mwenye miaka sitini na mitatu, hana haja ya kueleza mawe yalitoka wapi. Mabwana wa ngome walipohama, babu zetu waliyabeba, ya ngome na ya kanisa, wakajengea mazizi na meko. Baridi haina adabu. Ndiyo maana kondoo wa hapa Inchruan hujikuna kwenye maua ya kuchongwa.

Wazazi wake ndio wa mwisho kufunga ndoa humu kanisani, paa likivuja. "Keki ililowa, ikaliwa kwa kijiko. Lakini watu walicheza! Siku hizi tunacheza wapi?"

Ukuta wa mbele sasa umeegemea magogo. Bila kizingiti cha juu cha mlango, dhoruba za Novemba zitauangusha. Kizingiti hicho kiko juu ya meko ya jirani yake, Murdo Lamont, ambaye amekwisha kumkatalia mara mbili.

"Aliniambia, 'Una, ubomoe kwangu ujenge kwa Mungu? Mungu halowi!' Si uchoyo. Marehemu mkewe, Chirsty, alikuwa akimwanikia soksi hapo, kwenye ndoano."

Hajamaliza, trekta linanguruma. Ni Murdo, na nyuma kuna jiwe refu lililofunikwa blanketi la mkewe. Anafika kanisani, anapinda kushoto, anazunguka na jua.

"Usiseme neno," anafoka.

"Nimesema nini, mzee?"

"Mekoni nimeweka ubao. Ukiungua nahamia kwako."

"Uje na soksi safi."

Murdo anacheka, kisha machozi yanamlengalenga. Anashika ndoano ya chuma iliyopigiliwa kwenye jiwe, aing'oe. Una anamzuia mkono.

"Iache."

Una anakusudia kuinua kizingiti kabla ya Novemba, kisha paa, kisha harusi moja, ya yeyote atakayekubali.

"Na mvua ikinyesha," anasema, "bibi harusi atatundika shali yake kwa Chirsty."