Kamba ya Yadi Ishirini na Mbili

Twalibu Pazi alikuwa karani wa boma la Kisarawe kwa miaka kumi na minne, na hakuna aliyewahi kumwona akiandika kwa penseli jambo linalostahili wino. Labda ndiyo sababu, mwaka 1952, kamati ya riadha ilipowaweka wanariadha sita wa Tanganyika kambini Kisarawe kabla ya mashindano ya Kampala, umeneja ulimwangukia yeye. Hakuwahi kushindana mbio hata moja. Alijua kupanga orodha, kugawa mchele na kuamka mapema.

Kila mmoja wa wale sita alitakiwa kukimbia ndani ya muda uliowekwa na kamati, mbele ya meneja, na matokeo yapelekwe Dar es Salaam kwa simu ya maandishi. Asiyefikia muda huo, nafasi yake angepewa mwingine. Aliyemtia Twalibu wasiwasi ni Mwishehe wa Kwala, kibarua wa reli, mkimbiaji wa maili moja. Muda aliowekewa ulikuwa dakika nne na sekunde ishirini na sita, na mazoezini hakuwahi kushuka chini ya ishirini na nane.

Siku moja kabla ya majaribio, mvua ya masika ilifuta mistari ya chokaa uwanjani. Twalibu alichukua kamba yake ya katani, aliyoikata mwenyewe kwa yadi ishirini na mbili kamili, akaupima uwanja upya huku manyunyu yakimlowesha. Kamba ishirini, mzunguko mmoja.

Asubuhi yake Mwishehe alimaliza maili kwa dakika nne na sekunde ishirini.

"Leo umekimbia kama umeiba kuku wa mtu!" alipiga kelele Salehe wa Mlandizi, mkimbiaji wa mbio fupi.

"Wewe mwenyewe umekimbia kama mwenye kuku," Mwishehe akamjibu, akihema.

Simu ikapigwa. Siku ya tatu majina yakatoka gazetini, na kule Kwala Mzee Mwinyijuma, baba yake Mwishehe, akachinja mbuzi.

Twalibu, alipokuwa akinakili matokeo, aliona jambo lisilompendeza. Wote sita walikuwa wameongeza kasi, na wote karibu kwa uwiano uleule, hata yule aliyekuwa na homa wiki nzima. Mistari ya uwanjani ilikuwa imekwisha kufutwa tena na mvua. Akaichukua kamba, akaenda stoo ya ujenzi kuilinganisha na mnyororo wa chuma wa kupimia. Ikalingana, hata inchi haikupungua. Angeweza kuishia hapo. Lakini kamba aliyoipima stoo ilikuwa kavu, na ile aliyoupimia uwanja ilikuwa imelowa chepechepe.

Jioni mkewe, Sikuzani, alimwita kutoka uani.

"Baba Mwamini, ndoo yangu ya maji ya kunywa imeingia kamba?"

"Iache mpaka asubuhi."

"Na sisi tunywe nini, katani?"

Asubuhi alirudi nayo stoo, ikichuruzika maji. Ilikuwa imejikunyata kwa futi mbili. Futi mbili mara ishirini, mara mizunguko minne: Mwishehe alikuwa amekimbia maili iliyopungua yadi hamsini na tatu.

"Nani anajua?" Sikuzani alimuuliza aliporudi.

"Mimi."

"Na mimi sasa. Ungeniachia maji yangu tu."

Twalibu alikwenda posta kuipelekea kamati habari ya kosa kabla ya kufungua ofisi. Katibu wa kamati alijibu mchana uleule: majaribio yarudiwe Jumamosi, naye atakuja na saa yake. Wale watano hawakuwa na hofu, muda wao ulikuwa na nafasi ya kutosha. Mwishehe alisikiliza maelezo yote ya kamba na mvua, akiwa amechuchumaa.

"Kwa hiyo nilikuwa sijakimbia?"

"Ulikimbia. Ila haikuwa maili."

"Ungeniambia siku ileile, Bwana Twalibu. Kwetu wameshakula mbuzi."



Jumamosi jua lilitoka. Uwanja ulipimwa kwa mnyororo wa chuma, katibu akauangalia kwa macho yake. Mwishehe alikimbia mizunguko mitatu ya kwanza vizuri kuliko alivyowahi kukimbia; ya nne ikawa nzito, akavuka mstari na kuanguka kwa magoti. Saa zote mbili, ya katibu na ya Twalibu, zilisema dakika nne na sekunde ishirini na saba. Ilikuwa mbio yake bora kupita zote za kweli, na ilikuwa imezidi kwa sekunde moja. Katibu alimpa mkono, akaandika jina la mtu wa Moshi.

Mwishehe alikunja mkeka wake bila kuagana na mtu. Mlangoni alisimama.

"Mimi siendi kumwambia baba. Nenda wewe."

Siku iliyofuata waliteremka pamoja hadi Pugu, wakapanda treni, wakafika Kwala jua likiwa kali.

"Shikamoo, mzee," Twalibu alisema, akabaki amesimama.

"Marahaba."

Akaeleza yote: mvua, kamba, ndoo, sekunde moja. Hakusema kwamba ni bahati mbaya. Mzee Mwinyijuma alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ndiye uliyetuma habari kwamba anakwenda?"

"Ni mimi."

"Na kosa ni la kijana?"

"Hapana, mzee. Ni langu."

"Basi liseme tena kwa sauti," mzee alisema, akiionyesha kwa mkono nyumba ya jirani ambako watu walikuwa wameketi barazani. "Wale nao walikula mbuzi."

Twalibu alivuka uwanja wa nyumba, akaenda kulisema. Mwishehe alibaki kizingitini kwa baba yake, akisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akavua viatu vyake, akaingia ndani.