Mkono kwenye picha

Divai hufika mjini kwetu Kasongo kwa nadra. Nilipopata chupa moja, niliinywa na rafiki yangu, mwenye duka Mwislamu, mlango umefungwa. Kisha nikaweka picha ya chupa ile kwenye WhatsApp.

Asubuhi rafiki yangu alifika kwa pikipiki.

“Mzee, futa! Kaka yangu ameona mkono wangu.”

“Mikono iko mingi, ndugu yangu.”

“Yenye pete ya baba yetu iko mingapi?”

Nikafuta. Papo hapo simu yake ikalia. Alikuwa kaka yake. Hakuipokea.

Ningeweza kupiga picha ya chupa peke yake. Lakini nilitaka watu wajue kwamba nina mwenzangu wa kunywa naye. Mkono ule niliuona kabla ya kutuma, nikauacha.