Kuwafundisha Warina Asali Kuandika Kiingereza

Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani Ulemo, Iramba, kusubiri ajira za walimu pale mama mdogo aliponipigia simu kutoka Itigi. Kikundi chao cha warina asali kilikuwa kimepata anwani ya mnunuzi wa nje ya nchi, na walitaka kumwandikia wenyewe kwa Kiingereza. Walishamchoka kijana wa stesheneri, ambaye barua zake zote zilianza na kuisha kwa maneno yale yale, ziwe za kuomba kazi au za kuuza ng'ombe.

"Njoo utufundishe kuandika," alisema. "Huyu mtu akituelewa, hatutauza tena kwa walanguzi."

Nilikubali kabla hajamaliza, halafu nikaanza kuogopa.

Nilitengeneza kozi, nikaifuta, nikatengeneza nyingine. Kozi nilizosoma chuoni zilianza na sentensi, zikaenda kwenye aya, zikaishia kwenye insha. Hawa watu hawakuhitaji insha kuhusu likizo yao, walihitaji barua moja isomwe. Basi nikaanza na barua: nani anaandika, anamwandikia nani, anataka nini.

Kisha nikakutana na jambo ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kulitaja. Wanafunzi wangu wote walikuwa watu wa kuamkiwa. Nitamwekeaje alama ya kosa mtu ambaye nimetoka kumpa shikamoo? Kalamu nyekundu niliitoa kwenye mkoba. Nikanunua ya kijani, nikaona inafanana na ya mkaguzi. Mwishowe nilisafiri na penseli, na njia nzima nikawa najiuliza kama penseli haitawafanya wadhani sina hakika na ninachosema. Kwa kweli sikuwa na hakika.

Siku ya kwanza tulikaa katika ofisi ya kikundi, katikati ya ndoo za asali. Nilianza shikamoo mlangoni, mmoja baada ya mwingine. Kila aliyeitikia marahaba aliuliza habari za Ulemo, za mama, za mvua na za safari. Nilipomfikia wa mwisho, muda wa sentensi ya kwanza ulikuwa umeliwa wote.

"Mwalimu, mbona unaangalia saa hivyo?" aliuliza mzee mmoja mcheshi. "Hapa hata treni hatuingojei kwa saa."

Walicheka, nami nikacheka, ingawa moyoni nilikuwa napanga upya wiki nzima.

Walikubaliana kwamba kila mtu ataandika, lakini itakayotumwa ni barua ya mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya reli. Aliniletea kurasa mbili. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko nilivyotegemea. Tatizo ni kwamba alimsalimu mnunuzi, mke wake na watoto wake, akauliza wameamkaje, akaeleza mvua, akamshukuru Mungu kwamba wanakikundi wote ni wazima. Neno asali lilitokea ukurasa wa pili, karibu na sahihi.

Sikuthubutu kumwambia. Badala yake nilitunga somo zima. Niliandika barua tatu za mfano, fupi, ya wastani na ndefu, zote za kuuza vitunguu ili asishtuke. Nikawasomea darasani na kuuliza ni ipi mnunuzi angeisoma hadi mwisho.

Mwenyekiti akavua miwani.

"Mwalimu, huyu wa vitunguu, wa barua ndefu, ni mimi."

"Hapana, mama, ni mfano tu."

"Mfano unamuulizia mke wa mnunuzi hali yake? Humu ndani nani mwingine amemuulizia?"

Mama mdogo aliinama akajifanya anafunga kiatu.

"Si ungesema tu barua yangu ni ndefu? Umeandika barua tatu kuizunguka moja!"

"Niliogopa, mama."

"Watu wa Iramba kwa kuzunguka!" alidakia yule mzee, na darasa zima likavunjika mbavu.

Ndipo nikasema. Mnunuzi ana barua nyingi, asali lazima aione mapema.

"Sasa nifike kwa mtu, nisimsalimu, nimwambie nunua asali?" alisema mwenyekiti. "Hata mgambo akija kukukamata anapiga hodi."

"Kwa Kiingereza salamu ni mstari mmoja, mama."

"Mmoja? Wanaishije hao?"

Tulibishana hadi chai. Mke na watoto wa mnunuzi walitoka kwa shida. Mvua, yule mzee alikataa isiguswe, nami nikaona inafaa ikikaa pamoja na asali: mvua zilikuwa nzuri, vichaka vimechanua, asali ipo. Mwenyekiti akanisogezea karatasi. "Haya, kata. Na ukate kwa nguvu, usipapase."

Barua ilitumwa kwa simu ya mama mdogo. Siku zilizofuata niliamini nimeikata mno, kwamba mnunuzi ameona watu wa Itigi hawana adabu. Niliisoma tena na tena, kana kwamba ingeweza kubadilika.

Jibu lilipokuja, mwenyekiti aliita watu wote na kukataa kusomewa. Alisoma mwenyewe, kidole kwenye kioo cha simu, neno kwa neno, kisha akatueleza. Mnunuzi anashukuru. Anataka sampuli. Anauliza nyuki wanatoa asali kwenye maua gani.

"Mbona hajatuuliza hali?" mtu alinong'ona.

"Ana haraka. Anataka asali," alisema mwenyekiti, akivuta karatasi mpya. "Mwalimu, shika chaki. Maua gani?"

Wakaanza kutaja miti wote kwa pamoja, huyu kwa Kinyaturu, yule kwa Kigogo, wakikosoana kwa kelele, nami nikawa naandika ubaoni haraka nilivyoweza.