Kigingi Kikavu cha Mama Eugénie

Saa kumi na mbili asubuhi, Orpa Nahayo anapiga magoti kwenye vumbi la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na kukwaruza gome la kigingi kwa ukucha. Chini ya gome ni kahawia. Anasogea kwenye kinachofuata. Kahawia tena. Cha tatu kinatoa utomvu mweupe, naye anaupangusa kwa ncha ya kitenge, kama mama afutaye mtoto mdomo.

"Kitendawili," anasema bila kuinua kichwa. "Nyumba yangu inakunywa maji."

Ukishindwa, anakuonyesha duara la vigingi lenye mapengo. "Njo hii."

Orpa, miaka hamsini na miwili, alikimbia Fizi, mashariki mwa Kongo, vita vya pili vilipoanza, mwaka 1998. Anaishi kwa ganyu, yaani vibarua vya kulima mashamba ya wenyeji, kwacha arobaini kwa siku. Mwaka huu wa 2002 ni wa njaa, na hata hizo siku zimeadimika.

Nyumba za kambini ni za matofali mabichi. Mvua ikikolea, kuta zinamomonyoka. Ya Mama Eugénie, mjane asiyeona, imeanguka mara mbili. Mara ya pili alifukuliwa kwenye udongo. Na kukata miti ya kujengea ni marufuku.

"Nikasema, kama hatuwezi kuikata, basi tutaiotesha," Orpa anasimulia.

Kwao, ua wa nyumba hupandwa kwa vigingi vya mkuyu. Unakata tawi, unalichimbia, linatoa mizizi; miaka ikienda, vigingi vinanenepa na kushikana vikawa ukuta. Siku moja, mtaani Kawale, Lilongwe, aliuona mti uleule. Wamalawi huuita kachere. Akamlimia mwenye nao siku sita, akalipwa matawi, yakaja kambini juu ya lori la mahindi.

Wajane watano, Orpa na Mama Eugénie miongoni mwao, wakachimbia vigingi sitini, kila mmoja akachagua kimoja cha kukiita chake. Vikirefuka wangevikunja juu na kuvifunga, viwe paa. Nyumba moja kwa wote watano, bila tofali hata moja.

Walipanda Septemba ya mwaka jana. Fizi, Septemba mvua imeshafika. Wenyeji walikuwa wakipita, wakitazama, wakinyamaza.

"Tulibacheka," Orpa anasema. "Tulisema bantu ba huku ni bavivu, Septemba yote bado habajapanda kitu."

Mvua ilikuja Desemba. Miezi mitatu wajane waligawa maji ya foleni ya bomba, kikombe kwa kikombe. Leo vigingi vilivyo hai ni tisa.

Jirani yao Akilimali anapita na jembe begani. "Mama Orpa, nyumba imeota meno? Mi nitakuja kulala humo siku ya harusi ya vitukuu."

"Karibu, baba. Utalala upande wa mikavu, munafanana."

Akilimali anacheka akienda zake. Orpa hacheki.

Vikavu wamekuwa wakiving'oa viwe kuni. Kipo kimoja ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa, cha Mama Eugénie. Kila asubuhi mama huyo huja akipapasa kwa fimbo, kikombe mkononi, na kukinywesha. Hakuna aliyemwambia. Leo Orpa ameapa kumwambia.

"Mama, niko na neno."

"Sema, mwanangu."

"Mti yako…"

"Ilikufa. Najua." Mama Eugénie anagonga kigingi kwa kidole: ko, ko. "Mti mukavu iko na sauti yake."

"Sasa maji unamwaga ya nini?"

"Batoto bangu bote balibaki kule kwetu, chini ya udongo. Asubuhi nitaamukia nani?" Anakishika kigingi. "Musiing'oe. Mukiing'oa, nikija nitashika nini?"

Orpa anaeleza mpango wake: atakata tawi kwenye kigingi chake mwenyewe, kilicho hai, na kulichimbia ubavuni mwa kile kikavu. Safari hii hatafuata miezi ya Fizi. "Nitabaangalia Bamalawi. Bakishika mbegu, na mi nashika tawi."

Ukuta huchukua miaka saba. Mama Eugénie ana sabini na mmoja. Hesabu hiyo hakuna anayeifanya kwa sauti.

"Itakuwa upande gani?" mama anauliza.

Orpa anamshika mkono na kuuweka kwenye vumbi. Mama anainua kikombe amwage hapo.

"Bado, mama. Mvua bado."

Mama Eugénie anasita. Anakunywa nusu, na nusu anampa Orpa.