Neno "selofani" na mwalimu wa Beni aliyemufundisha bibi yangu

Bakubwa, mujambo kwanza. Naishi Butembo, commune ya Bulengera, nauzisha vipuri vya moto, ile pikipiki. Haya ninaandika yalinipata mimi mwenyewe, siongezi kitu.

Bibi yangu Masika, mama wa watoto wangu, anatengeneza vikapu vya zawadi za ndoa. Anapanga sahani, vitenge, sabuni, kisha anafunika na ile karatasi ya kuonekana ndani, yenye inalia ukiigusa.

Sisi wote tulikuwa tunaiita nailoni. Basi.

Siku moja namwambia anisogezee nailoni. Akanijibu: «Baba Neema, hapana nailoni. Inaitwa selofani.»

Nikauliza nani alimufundisha.

«Kiliya mumoja, muteja wa muji wa Beni, mwalimu wa Kifaransa.»

Mais lakini kutoka siku ile, neno likakaa mu nyumba. Selofani asubuhi, selofani mangaribi. Analitamka polepole, anatabasamu peke yake. Mimi ni mutu wa wivu, siwafichi.

Kisha akanituma nitafute namba ya fundi anayemusukia vikapu ndani ya simu yake. Nikaona "Mwalimu Beni". Nikafungua audio, ujumbe wa sauti. Sauti nzuri, ya kijana:

«Madame Masika, selofani ilitoka ku maneno mawili. Cellulose, kitu cha ndani ya miti. Na diaphane, kitu chenye mwangaza unapita ndani yake. Sawa vile wewe, mutu anakuona mpaka ku roho.»

Nikazima palepale. Namujua Masika tangu ujana wetu na sijawahi kumwambia hata nusu ya maneno kama yale.

Kikapu cha mwalimu kilipokuwa tayari (cha ndoa ya dada yake), nikasema nitapeleka mwenyewe. Nikapita Kalunguta na moto, kikapu nyuma, selofani inapiga kelele ku upepo njia yote.

Kule Beni nikakuta mwalimu mwenyewe, kijana wa shati ya pasi. Nikamwambia mimi ni bwana ya Masika, na ile audio nimeisikia.

Hakukataa. «Grand, kaka mukubwa, pardon. Nilipita kipimo. Mais sikiliza vile alinijibu.»

Akabonyeza simu. Sauti ya Masika: «Mwalimu, neno nimepokea, aksanti. Ile ya ku mwisho upelekee fiancée yako, muchumba wako. Mimi niko na bwana.»

Hapo ningefurahi, sivyo?

Mais alikuwa anasema vile huku anacheka. Kicheko kirefu, cha usichana wake. Kwetu sikukisikia tangu siku nyingi.

Nilirudi na kichwa kizito kuliko nilivyoenda. Nikamuelezea Masika yote. Hakupandisha sauti. «Miaka yote nafunga hivi vikapu, yeye ndiye wa kwanza aliniuliza hii kazi naifanyaka je. Neno lilikuja sababu ya ile swali.»



Kesho yake nikakaa pembeni yake, nikamuuliza namna anakunja pembe za karatasi. Akanionyesha. Nikaipasua, akaninyang'anya.

Wivu haujaisha, bakubwa. Simu yake ikilia, shingo inageuka yenyewe. Mais nimejifunza: kitu usichomuuliza bibi yako, mutu mwingine atamuuliza.

Sasa ninyi wenye ndoa: bibi kumukataa mutu huku anacheka, kwenu munaiita nini? Andikeni hapo chini. Hata mukinigombeza, nitasoma.